Binti Ameitwa Ofisi ya Serikali Kufanya Utafiti



Kila vyuo vikuu vinapokaribia likizo ndefu ya katikati ya mwaka, vijana wetu huonekana wakipita mitaani na bahasha za kahawia mkononi. Ndani ya bahasha mna barua ya chuo, nakala ya kitambulisho, matokeo ya mitihani na wasifu wa mwenyewe. Wanatafuta pahali pa kufanya uanagenzi, au kama wenyewe wasemavyo, atachimenti. Wengi huzipeleka bahasha hizo benki, bandarini, hospitalini na mahotelini. Wachache mno hufikiria zile ofisi ambamo sera za serikali huandikwa na mwenendo wa watumishi wa umma hupimwa. Makala ya wiki hii yanawahusu wachache hao, na hasa wazazi wao, kwani mara nyingi nimeona kijana ana hamu na nyumba yake ndiyo inayositasita.

Yafaa kwanza tuyatenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwanafunzi aliye bado chuoni hupelekwa ofisini kwa muda wa takriban miezi mitatu, na kazi yake huhesabiwa katika masomo yake. Huyo aghlabu halipwi kitu. Mzazi ndiye abebaye nauli na chakula cha mchana. Aliyekwisha kuhitimu ana mlango mwingine. Mwaka wa 2019 Tume ya Utumishi wa Umma ilianzisha mpango wa uanagenzi wa miezi 12 kwa vijana waliohitimu, mpango ambao hutangazwa hadharani na wenye kukubaliwa hupewa posho kila mwezi. Taasisi ya serikali ya utafiti na uchambuzi wa sera za umma, ijulikanayo kwa herufi za KIPPRA na iliyoko Nairobi, nayo ina mpango wake wa wataalamu chipukizi, wanaofundishwa namna ya kuichambua sera na kuiandika. Kisha ziko ofisi ambazo maadili ndiyo kazi yake yenyewe: Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, iliyosimama juu ya Kifungu cha 79 cha Katiba, Tume ya Haki za Utawala, ambayo watu huiita ofisi ya Ombudsman, na ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Na yako mabunge ya kaunti zetu, ambayo kamati zake huhitaji watu wa kusoma makaratasi na kuyatolea muhtasari kila wiki.

Huko ndani mwanagenzi hafanyi mambo ya ajabu. Husoma ripoti, hulinganisha hesabu ya mwaka huu na ya mwaka jana, huandaa maswali ya kuwauliza wananchi, huketi nyuma katika kikao na kunakili yaliyosemwa. Siku za mwanzo pengine hupewa mafaili ayapange kwa tarehe na akafikiri anadharauliwa. Asifikiri hivyo. Mtu aliyepanga mafaili ya miaka mitatu kwa mikono yake hujua mengi kuliko yule aliyeisoma ripoti iliyoandikwa juu yake.

Sisi watu wa Pwani tuna lalamiko la zamani, nalo lina haki ndani yake, kwamba mambo yetu huamuliwa na watu wasiotujua. Ardhi, bandari, uvuvi, vitambulisho vya vijana wetu, yote hayo yamepita katika meza ambazo hatukuwepo. Lakini tazama watoto wetu wanaposoma na wanapotaka kwenda. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu walikijua katika miaka ya 1950 kama taasisi ya elimu ya Kiislamu, MIOME, kilianzishwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Mwaka wa 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya wote, kisha kikawa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972, na mwaka wa 2013 kikapata hati ya chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kikapata hati yake. Basi elimu iko mlangoni petu. Kinachopungua ni mtoto wa Kisauni au wa Lamu kuwa ndani ya chumba wakati ripoti ya kisima chake inapoandikwa.

Huna haja ya kumwambia mwanafunzi wa madrasa kwamba utafiti ni jambo geni lililotoka Ulaya. Aliyesoma mustalahul-hadithi anajua kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imepita kwa nani, na huyo nani alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi, na alikutana kweli na yule anayedai kumpokea. Mtafiti wa sera hufanya vivyo hivyo kwa stakabadhi. Hati hii ameitia sahihi nani? Tarehe ya malipo yaja kabla ya tarehe ya kazi, au baada yake? Shahidi huyu aliiona barabara ikitengenezwa, au alisikia kwa jirani? Mama zetu waliozoea kuangalia daftari la chama na kugundua kwamba mchango wa mwezi wa tatu umeandikwa mara moja ilhali umelipwa mara mbili, wanaijua kazi hii pia, ingawa hawajaitwa watafiti.

Wala kuwachunguza viongozi si fitina iliyozuka juzi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba watu wa Kufa walimshtaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (R.A.), mmoja wa masahaba wakubwa, kwa Khalifa Umar (R.A.). Walimlalamikia mengi, hata swala yake. Umar alimwondoa katika kazi, akamwita na kumwuliza, na jawabu lake likamridhisha. Lakini hakukomea hapo. Alituma watu pamoja naye hadi Kufa, na wafafanuzi wa Hadithi wamtaja Muhammad bin Maslama kuwa miongoni mwao, wakapita msikiti hadi msikiti wakiuliza habari za Saad. Kila msikiti walimsifu, mpaka walipofika msikiti wa Bani Abs. Huko alisimama mtu mmoja akamtuhumu kwamba hagawi sawa, hahukumu kwa uadilifu, wala hatoki na jeshi. Saad alimwombea dua nzito mtu yule ikiwa ni mwongo anayetafuta kusikika, na wapokezi wasema dua ile ilimpata.

Hebu tuitazame habari hii kwa jicho la mtafiti. Umar hakutosheka na lalamiko, wala hakutosheka na jawabu la kiongozi, ingawa alimwamini. Aliwauliza watu walioishi chini ya utawala ule, tena si kundi moja tu bali misikiti yote. Na ule ushahidi mmoja uliopingana na mingine haukufichwa. Umetufikia sisi baada ya karne 14. Sijui kitabu cha vyuo vikuu kinachoieleza kazi hii vizuri zaidi.

Kisha kiko kisa cha mkusanyaji zaka, Ibn al-Lutbiyya, ambacho masheikh wetu hukisoma sana, lakini mara nyingi tunakisoma haraka. Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporejea akatenga mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfuata huko. Swali hilo ndilo kipimo chenyewe cha zawadi za ofisini. Na Umar, kama walivyopokea wanahistoria akiwemo al-Baladhuri, alikuwa akiorodhesha mali ya magavana wake anapowateua, na iliyozidi akawagawanya nusu. Kenya nayo, tangu sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003, mtumishi wa serikali ametakiwa kutangaza mali yake, ya mkewe au mumewe, na ya watoto wake walio chini ya miaka 18. Mke wa mtumishi wa umma na alijue hilo: hesabu ile yamhusu yeye pia.

Haya yanatufikisha kwenye jambo lililonifanya niandike. Mama mmoja alinijia baada ya darsa ya Jumamosi. Binti yake yuko mwaka wa tatu, anasoma utawala wa umma, na alitaka afanye uanagenzi katika ofisi mojawapo ya hizo nilizozitaja.

"Maalim," akasema, "wewe wajuana na yule bwana mkubwa. Mpigie simu tu. Neno lako halirudi."

"Nimpigie nimwambie nini, dadangu?"

"Mwambie amwingize. Yeye ndiye mwenye kuamua."

Nilimwuliza kama binti amekwisha kuomba. Akasema bado, watamwambia aombe baada ya nafasi kupatikana. Nikamwuliza ni nafasi ngapi zilizopo, naye hakujua. Nikamwambia: "Zikiwa nne na zimeombwa na vijana arubaini, simu yangu itamtoa mmoja. Na huyo aliyetolewa ana mamake, tena labda yumo humu humu msikitini."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sikuweza kulipuuza: "Maalim, wenzetu wote wafanya hivyo. Sisi tukikaa na uchaji wetu watoto wetu watabaki barazani."

Neno hilo ni la kweli kwa nusu yake, na ni haki yake lijibiwe kwa heshima. Shafaa katika dini yetu haikukatazwa. Qur'ani katika Suratun-Nisaa imezieleza shafaa mbili, njema na mbaya, na kila mwenye kushufaa ana sehemu yake katika matokeo. Kumwandikia mtoto barua ya kueleza tabia yake unayoijua, kumfikishia habari kwamba nafasi zimetangazwa, kumsaidia kuandika wasifu wake, kumpeleka hadi mlangoni ili asipotee, hayo yote ni shafaa njema. Kumwomba mwenye madaraka avunje mpango ili wako atangulie, hiyo ni mali ya mtu unaichukua, ijapokuwa haina umbo la mali. Na tuseme wazi: mtoto aliyeingizwa kwa simu katika ofisi inayofundisha maadili ya utumishi amekwisha kufundishwa somo la kwanza kabla hajakaa kitini, nalo ni kinyume cha yote atakayofundishwa baadaye. Tena atakuwa na deni. Yule bwana mkubwa siku moja atamwambia, "Faili hili lirudishe kabatini, usilitaje," naye atakosa ulimi wa kujibu.

Nilimwandikia binti barua ya tabia, kwa kuwa nilimsomesha mwenyewe na namjua. Simu sikupiga.

Nyongeza ndogo kwa wazazi: walioona haja hii ya watoto wetu ni wengi, na baadhi yao ni matapeli. Ujumbe ukija kwa simu kwamba nafasi ya uanagenzi serikalini imepatikana na utume pesa za "kufungua faili", usitume hata shilingi. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada ya kuomba. Gharama za halali ni zile za kawaida, kama cheti cha tabia njema kutoka polisi pale kinapotakiwa, na bima ya ajali ambayo ofisi nyingi humtaka mwanagenzi awe nayo.

Sasa turudi kwenye kazi yenyewe, na nitatoa mfano uliotokea hapa kwetu. Mwaka wa 2007 shirika la MUHURI, lililoundwa Mombasa mwaka wa 1997 na Waislamu wapiganiao haki za binadamu, liliendesha ukaguzi wa kijamii katika eneo bunge la Changamwe. Pesa zilizokaguliwa ni zile za mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, CDF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2003. Walikuja kuwafunza watu waliotoka katika vuguvugu la wakulima na vibarua wa jimbo la Rajasthan, India, lijulikanalo kama MKSS, ambao tangu miaka ya 1990 walikuwa wakisoma stakabadhi za serikali hadharani mbele ya wanakijiji. Wakazi wa kawaida wa Changamwe walifundishwa kusoma hati za ujenzi. Kisha wakatoka na karatasi zao wakaenda kutazama: hati inasema madirisha kadhaa, je, yapo? Inasema saruji ya kiasi hiki, je, ukuta huu umeila saruji hiyo? Mafundi waliwasaidia. Wakapita mitaani kwa ngoma na michezo ya kuigiza ili kuwaita majirani, na mwisho wakakutana katika mkutano wa hadhara, maafisa wakiulizwa na wananchi ana kwa ana.

Wakati ule hapakuwa na sheria ya kumlazimisha afisa atoe hati. Walibembeleza na kusubiri, mpaka wakapewa baadhi. Sasa hali imebadilika. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kimempa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza njia yake. Ombi huandikwa, na sheria yenyewe imesema laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma na kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa ndiye atakayemwandikia. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na yaweza kujiongezea muda mara moja tu, siku zisizozidi 14. Likiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kuomba hakuna ada. Hulipwa gharama ya kunakili tu. Ukinyimwa, mlango wa rufaa ni Tume ya Haki za Utawala, na ndani ya siku 30 uwe umeubisha. Waliosoma fiqhi ya utawala watakumbuka diwanul-madhalim aliyoieleza al-Mawardi, baraza la kuwasikiliza waliodhulumiwa na watendaji wa serikali. Sura ni nyingine, lakini mtu wa Baghdad ya karne ile angeitambua.

Tuchukue swali moja ambalo mwanafunzi wetu angeweza kulifanyia utafiti katika miezi mitatu, nalo kila nyumba yalijua: basari. Je, basari ya kaunti humfikia yatima na mtoto wa mvuvi, au humfikia anayejuana na kamati? Mwenye pupa atakimbilia kuandika kwamba kamati ni wezi. Mtafiti ataanza na sheria ya basari ya kaunti yake: imeweka vigezo gani? Ataomba orodha ya waliopewa na kiasi walichopewa. Atasoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu, aone kama ameuliza juu ya hundi zilizotumwa shuleni bila stakabadhi kurudi. Kisha atakwenda shule chache, zilizo mbali na za karibu, awaulize walimu wakuu kama hundi zilifika na lini, kwani hundi inayofika muhula ukiwa umekwisha humkuta mtoto amekwisha kurudishwa nyumbani. Huenda mwishoni akagundua kwamba tatizo kubwa halikuwa wizi, lilikuwa fomu iliyotolewa kwa siku tano tu na kutangazwa mahali ambapo mama wa kijijini hafiki. Hilo nalo ni dhulma, na ni rahisi zaidi kulirekebisha.

Katika kazi hiyo mtafiti ana adabu zake. Utafiti wa nje huhitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na ubunifu, na chuo humwongoza mwanafunzi namna ya kukiomba. Majina ya watoto maskini hayaandikwi katika ripoti. Mwenye kuulizwa huelezwa anaulizwa kwa nini, na ana haki ya kukataa. Sitara ya masikini ni amana. Mtu hakukufungulia mlango wake ili umpige picha ukaitie mitandaoni.

Na hapa ndipo pagumu zaidi, nami sitaki nipapite mbio. Mji wetu ni mdogo. Binti aliyekaa na mafaili miezi mitatu, haikosi siku moja atakutana na jina analolijua. Jirani. Baba wa rafiki yake. Ami yake mwenyewe, aliyelipwa kwa kazi ya ukarabati wa zahanati ambayo paa lake bado lavuja. Afanye nini?

Kwanza, asilichukue faili hilo nyumbani kwa mdomo wake. Yaliyomo ofisini ni amana, na kuyaeleza jikoni wakati wa kukuna nazi ni khiyana, hata kama ni ya kweli. Pili, asijitwike kazi ya kumchunguza jamaa yake. Amwambie msimamizi wake kwa uwazi: huyu ni ami yangu, naomba faili hili apewe mwengine. Katika lugha ya sheria huo ni mgongano wa maslahi, na kuutangaza ni wajibu, hauna aibu. Tatu, asilirekebishe, asiling'oe karatasi, wala asimpigie ami simu ya kumtahadharisha. Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa imetuamrisha tusimame na uadilifu hata iwe dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Tumeisoma aya hiyo katika khutba mara nyingi. Huyu binti ndiye atakayeisoma kwa vitendo, tena akiwa na miaka 21.

Atakayeuliza, "Je, kusema si kusengenya?" na ajibiwe kwamba Imamu Nawawi katika Riyadhus-Swalihin ameorodhesha mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni kumshtakia dhulma mwenye uwezo wa kuiondoa, na kutafuta msaada wa kuzuia uovu. Ruhusa ile ina mipaka: husemwa kwa anayehusika, kwa kiasi cha haja. Msimamizi akiwa mwenyewe ndiye mshiriki, iko Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, yenye ofisi Mombasa, na ina njia ya kupokea taarifa bila mtoaji kujitaja. Sheria ya Hongo ya 2016 imempa ulinzi mwenye kutoa habari, na imemlazimu mwenye madaraka aripoti hongo anayoijua au kuishuku ndani ya saa 24. Sitawadanganya kwamba ulinzi huo ni ngome. Watu wamepoteza kazi kwa kusema. Kwa hiyo mwanagenzi asende peke yake. Mwalimu wake wa chuo anayemsimamia ajue kwanza, na aandike tarehe na yale aliyoyaona kwa macho yake, bila kutia chumvi.

Ami akija nyumbani kulalamika, mama, jukumu ni lako. Utamwambia nini bintiyo mbele ya wakwe na mawifi? Nimewahi kuona jamaa nzima ikimgeukia kijana kwa kuwa alikataa kutia sahihi orodha ya mahudhurio ya watu ambao hawakuhudhuria. Waliokuwa wakimlaumu walikuwa wakiswali safu ya mbele. Kijana yule angeweza kuustahimili uadui wa ofisi. Kilichomvunja ni mamake kukaa kimya siku ile.

Limebaki suala la usalama na sitara, ambalo wazazi huniuliza kabla ya yote. Binti na aende na hijabu yake; Kifungu cha 32 cha Katiba kimelinda uhuru wa dini. Apange mapema mahali pa kuswali Adhuhuri na Alasiri, na amwambie msimamizi wake siku ya kwanza, asingoje wiki ya tatu. Khalwa aiepuke kwa adabu na bila woga: mlango ubaki wazi, kazi ya baada ya saa za ofisi isifanywe na wawili. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera dhidi ya udhalilishaji wa kijinsia. Binti aulize taarifa hiyo iko wapi, kwani kule kuulizwa tu huwaonyesha walio ofisini kwamba huyu anajua haki yake. Akipelekwa Nairobi, akae kwa jamaa au katika hosteli ya wasichana iliyokwisha kuangaliwa na mtu mzima wa kwenu. Na mzazi amsikilize anapopiga simu. Wasichana wengi waliodhalilishwa walisema mapema kwa mafumbo, na nyumbani wakaambiwa wavumilie mpaka barua ya tathmini itoke.

Kwa wanaosema kazi za namna hii si za wanawake, nitawakumbusha Ash-Shifaa bint Abdillah (R.A.), mwanamke wa Makka aliyejua kuandika wakati ambapo wanaume wengi hawakujua, na ndiye aliyemfundisha Bibi Hafsa (R.A.) kuandika. Imepokewa kwamba Umar aliithamini rai yake, na wako waliosema alimpa kazi katika soko la Madina. Hili la soko wanavyuoni wamelikhitilafiana, nami silijengi juu yake. Hilo la kuandika latosha.

Mwenye nia na aitazame kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na miezi inayofuata ndiyo ya vikao vya maoni ya wananchi na ya kupitisha bajeti, hivyo mwanagenzi anayeingia bunge la kaunti mwezi wa Mei huikuta kazi ikiwa moto. Mkaguzi Mkuu anatakiwa na Katiba awe amekamilisha ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 31 Desemba, na bunge lina miezi mitatu ya kuzijadili. Barua za maombi zipelekwe mapema, miezi miwili au mitatu kabla ya likizo, zigongwe muhuri wa kupokewa, na nakala ihifadhiwe.

Binti wa yule mama amepeleka barua zake ofisi tatu, na mpaka ninapoandika haya hajapata jawabu. Kila Jumapili asubuhi huja na wenzake wawili wakasoma ripoti ya ukaguzi ya kaunti ukurasa kwa ukurasa katika ukumbi wa madrasa, na wamefika sura ya afya. Msichana mwengine atakaye kujiunga nao na aje na kalamu yake. Mzazi mwenye swali la kifiqhi juu ya safari au makazi ya binti yake atanipata hapo hapo baada ya swala ya Adhuhuri.